Stendi Nne za Chuma

Fundi aliteremsha stendi zake moja moja kutoka kwenye mkokoteni, bila kumtazama mdogo wake aliyeketi mlangoni, magongo mapajani. Zilikuwa stendi nne za chuma kitupu, alizozichomelea mwenyewe za kushikilia magari mazito yakishainuliwa kwa jeki.

"Kaka, umekuja kufanya kazi au unahamia?"

"Hebu nyamaza. Lori limekaa uani miezi minane, hata kuku wanataga chini yake."

Wakacheka wote, ila kicheko cha fundi hakikufika mbali.

Miezi minane nyuma mdogo mtu alitaka kuliwekea lori springi ndefu, lipande juu kidogo, liache kukwaruza tumbo kwenye njia za mawe. Akajigamba gereji, tena mbele ya wateja: "Hii naifunga mwenyewe nyumbani. Kaka siku hizi ni wa kumwaga oili tu." Watu wakavunjika mbavu. Kesho yake alipokuja kuazima stendi, fundi akamjibu kwa mkato, "Nimeziazimisha." Uongo mtupu, zilikuwa stoo. Alitaka tu amkomoe kidogo, mdogo mtu arudi na kuomba kwa adabu. Mtu mzima na mvi zake, kununa kama mtoto! Mdogo wake hakurudi. Alilikalisha lori juu ya matofali ya saruji, akaingia chini, tofali moja likapasuka. Hospitali wakaukata mguu wa kulia chini ya goti.

Leo fundi hakuharakisha chochote. Alifagia saruji ya uani, akavuta breki ya mkono, akabana magurudumu ya nyuma kwa kabari za mbao, mbele na nyuma. Akaweka jeki chini ya ekseli, akapiga mpini taratibu mpaka magurudumu ya mbele yakaning'inia. Akasogeza stendi mbili chini ya chasisi, akashusha jeki mpaka uzito wote ukakaa juu ya chuma. Mbili zilizobaki akaziweka kando ya zile, za tahadhari. Kisha akafanya lile analomlazimisha kila anayefanya kazi gereji kwake kabla hajaingia chini ya gari: akaegemeza bega, akalisukuma lori kwa nguvu zake zote, mara tatu.

Halikutikisika. Kazi yote hiyo haikufika hata nusu saa. Fundi alibaki ameegemea lori, machozi yakimchuruzika.

"Mdogo wangu," alisema, akiwa bado amempa kisogo. "Siku ile nilikudanganya. Stendi sikumwazimisha mtu yeyote."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilipotoka kwako nilichungulia dirisha la stoo. Nikaziona zote nne." Mdogo wake alikuwa akikwangua gongo kwa ukucha. "Nikasema kaka kanuna, hasira zake hazikai, atazileta mwenyewe. Nilikaa hapa hapa mlangoni nikikungoja, kaka. Ilipofika saa tisa ndipo nikaenda kuchukua matofali."

Fundi hakuweza kugeuka. Saa tisa ya siku ile aliikumbuka vizuri sana. Alikuwa kwenye benchi la gereji tangu asubuhi, ufunguo wa stoo mkononi, akimngoja mdogo wake arudi.