Ukuta wa Lwitiko

Siku hiyo ya mwaka sabini na sita Shaban alikuwa Tunduma, karibu na kizuizi cha mpaka, akipakia chumvi kwenye lori. Alikuwa amebakiza kamba moja ya kufunga turubai alipomwona mtu mwenye kaptula ya kaki na kifurushi cha gazeti kwapani, na nyuma yake, hatua kumi hivi, ukuta.

Kilikuwa kipande cha ukuta wa gereza, urefu wake hatua nne, kimo chake mtu na mkono juu. Chini kimepakwa lami, katikati chokaa, juu kabisa vimepandwa vigae vya chupa. Mtu akitembea, nao unatembea. Akiinama kurekebisha kandambili, nao unangoja.

Shaban aliutazama kama dereva atazamavyo tairi la lori la mwenzake.

"Wako?"

"Wangu. Nilipotoka langoni niliuona unanifuata."

"Utapanda?"

"Unatembea."

"Basi panda wewe. Ila tukikwama mlimani, uuambie usukume."

Walikwama mara mbili, na mara zote mbili ukuta ulisukuma.

Mtu huyo aliitwa Lwitiko. Alifungwa miaka mitatu kwa magunia mawili ya mahindi aliyoyavusha mpakani akawauzia Wazambia, badala ya kuyapeleka kwenye chama cha ushirika. Hakukana. Alilima, akavuna, akamuuzia aliyelipa siku hiyohiyo, na hakimu akasema hilo ndilo kosa lenyewe. Akiwa ndani, operesheni ya vijiji ikapita. Watu wa bondeni kwao walihamishiwa kijiji kipya upande wa Msangano, nyumba zao za zamani zikabomolewa, na kila mkuu wa kaya akaandikwa daftarini. Aliyeandikwa alipata kiwanja, shamba na haki ya kusema mkutanoni. Tusekile, mke wa Lwitiko, hakupata kitu, maana aliyetakiwa kuandikwa ni mume na mume hakuwepo. Akaenda kukaa kwa kaka yake. Kaka mtu akatuma neno gerezani: dada yangu atarudi kwako siku utakapokuwa na nyumba, si kibanda cha kuazima.

Kwa hiyo Lwitiko hakuwa na mambo mengi kichwani. Aandikwe, apate kiwanja, ajenge, mke arudi.

Mwenyekiti wa kijiji, Jairo, alimpokea vizuri, akampa kiti na togwa. Ukuta ulibaki nje, mbuzi wakajilaza kivulini mwake.

"Pole na matatizo, ndugu."

"Nimeshapoa. Naomba niandikwe."

"Kuandikwa hakuna taabu. Lete barua ya balozi wa nyumba kumi wa kule ulikotoka."

"Kule mlikubomoa ninyi. Balozi aliyebaki ni maboga."

"Basi karatasi yoyote inayoeleza ulikuwa wapi."

Lwitiko akatoa karatasi yake ya kufunguliwa. Jairo akaisoma, akaigeuza, akausoma na upande usio na maandishi.

"Hii inasema ulikuwa gerezani."

"Ndiko nilikokuwa."

"Sasa unaona mwenyewe," Jairo akasema kwa huruma. "Halafu kuna huo ukuta. Mtu aliyemaliza kifungo hatembei na ukuta, ndugu yangu."

Lwitiko hakuwa mtu wa kunyong'onyea. Aliegemeza nyasi na miti kwenye ukuta wake, akalala hapo. Haikupita wiki watu wakauzoea. Mwalimu alileta darasa lake, wakaandika hesabu kwa chaki juu ya lami. Ferista, mjane aliyepepeta ulezi jirani, ndiye pekee aliyelalamika.

"We Lwitiko, hebu vuta ukuta wako huko! Unanizibia upepo."

Lwitiko akasogea hatua tatu, na upepo ukarudi.

Kijiji kilikuwa kinajenga ghala. Kuta tatu zilikwisha kusimama, lakini tofali za ukuta wa nne zilinyeshewa kabla ya kuchomwa zikarudi kuwa udongo, na mgeni wa wilaya alikuwa anakuja kufungua. Jairo akamfuata Lwitiko.

"Simama pale upande wa nyuma. Siku moja tu."

"Nitaandikwa?"

"Simama vizuri, kamati itakaa."

Lwitiko alisimama vizuri. Ukuta ukaziba pengo bila kuacha ufa, mgeni akakata utepe, picha ikapigwa. Kesho yake mahindi ya kijiji kizima yakaingizwa, na siku moja ikawa miezi mitano. Lwitiko hakuweza kwenda mbali, kwani angeondoka, ghala lingeondokewa.

Kamati ilikaa mara tatu. Mara ya tatu Jairo alimletea majibu pale nyuma ya ghala.

"Wamekukataa. Wanasema hujaonekana shamba la kijiji hata siku moja."

"Sionekani shambani kwa sababu nimesimama hapa."

"Kamati inalijua hilo. Daftari la mahudhurio halilijui."

Ferista alikuwa anapita na ungo wake. "Mpeni basi utunza ghala. Si yuko hapohapo?"

Jairo akacheka hadi akashika mbavu. "Mfungwa achunge mahindi!"

"Miezi mitano kachunga nani?"

"Ukuta, mama. Umechunga ukuta."

Asubuhi iliyofuata Lwitiko alikunja blanketi lake, akapita ofisini kuaga, maana hakutaka kusemwa kuwa katoroka. Akashika njia ya kwa shemeji yake. Ukuta ukamfuata. Nyuma yake mahindi yalimwagika kama maji ya mfereji uliopasuliwa, yakafika barabarani. Yeye aliruka akayavuka, hakuokota hata punje.

Walimkamata siku ya pili. Mashtaka yalikuwa wizi wa ukuta mmoja, mali ya kijiji. Kielelezo kilikuja mahakamani chenyewe, kikasimama mlangoni. Jairo alitoa picha ya ufunguzi: ghala, mgeni, utepe, kuta nne.

"Ukuta huu nimetoka nao gerezani," Lwitiko alisema.

"Basi ni mali ya serikali," hakimu akajibu, "na hilo ni baya zaidi." Akampa miezi minane.

Alipotoka, Tusekile na kaka yake walikuwa wanamngoja nje ya lango. Nyuma yake zilikuja kuta mbili. Wa pili ulikuwa mpya zaidi, na juu ulikuwa na kidirisha cha nondo.

Walipita kwanza kwa Jairo. Karatasi za kufunguliwa sasa zilikuwa mbili, akazisoma zote, pande zote, akasema pole na matatizo, akafunga daftari.

Nje, Tusekile alikuwa ameanza kupima kwa miguu, kutoka ukuta wa kwanza hadi wa pili.

"Huu wa dirisha uwe chumbani," alisema.

Kaka yake akahesabu kwa kidole. "Bado kuta mbili, shemeji."

"Zitapatikana," Lwitiko akajibu. "Jairo yupo."

"Na kiwanja?"

"Nyumba yenyewe inatembea, shemeji. Kiwanja cha nini?"

Kaka mtu akafikiri, akaona ni kweli. Tusekile akamwambia akate miti ya paa mapema, wakati huu wa kiangazi, ikauke vizuri.