Makasha Yaliyochomwa Sirari

Habari kwamba Esnah amevimba mwili mzima na kukimbizwa hospitali zilifika kituo cha majani chai kabla ya gari la kupima majani. Wanawake walishusha vikapu, kila mmoja akasema lake. Nyanchera peke yake ndiye aliyenyamaza, akijifanya anachambua majani mabovu kwenye kikapu chake ambacho hakikuwa na jani bovu hata moja. Alijua Esnah alikuwa akinywa nini kila asubuhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa.

Ulikuwa unga wa kahawia, umetiwa kwenye mikebe, una utamu kama wa mizizi. Mwaka ule wa tisini na sita, Momanyi, mume wa binti yake Kemunto, alikuwa akifanya biashara Isebania, mpakani. Alivuka kwenda Sirari upande wa Tanzania, akanunua vitenge na sabuni, na mikebe ile pia. Ilisemekana inaongeza damu na kurudisha nguvu. Kila alipokuja Nyacheki kumsalimia mama mkwe wake, alimwachia gunia lenye mikebe, naye Nyanchera akawauzia wenzake wa kituoni, ambao migongo yao ilikuwa imechoka kwa kuinamia michai.

Huko Kisii mama mkwe na mume wa binti yake hawaongei ovyo. Wana chinsoni, ile adabu inayowafanya wapishane kwa mbali, wasipeane mkono, wasitazamane usoni. Neno likiwapo, linapitia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo gunia la kwanza lilipofika, Nyanchera alimwambia Kemunto jikoni, "Muulize mume wako, hii ni dawa au ni chakula? Na mtu wa presha anaweza kunywa?"

Kemunto akatoka na sahani ya ugali, akarudi mikono mitupu. "Anasema ni chakula tu, Mama. Kila mtu anakunywa."

Neno la mkwe likishaletwa halirudishwi kuulizwa tena. Esnah, jirani yake tangu wote wawili walipoolewa, alipomuuliza kama unga ule hautagombana na vidonge vyake vya presha, Nyanchera alimjibu bila wasiwasi, "Tangu lini uji ukagombana na dawa? Kunywa, mama."

Sasa alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Esnah, ndizi mkononi, na daktari kijana akawa anamuuliza yeye.

"Mama, nyinyi ni majirani. Kuna kitu kingine anachokunywa? Mizizi, dawa ya kienyeji? Tunaongeza vidonge lakini presha haishuki, na sijui ni kwa nini."

Esnah alidakia kutoka kwenye mto. "Daktari, mimi nakunywa chai na uji. Kwa bonasi gani hiyo ya majani chai ninunue kitu kingine?"

Daktari akacheka, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nyanchera akapiga hatua moja kumfuata.

Esnah akamshika kidole. Mkono wake ulikuwa umejaa kama mkate. "Nyamaza. Wakijua watakushika. Mjane wa mzee Obwocha, nyanya wa watu, apandishwe Landrova ya polisi? Hapana."

"Esnah, lakini daktari..."

"Nimesema nyamaza. Na hizi ndizi mbona ngumu hivi? Unataka kunimaliza kabisa?"

Esnah alicheka mpaka akakohoa. Nyanchera hakuweza kucheka. Mtu anayekaribia kufa alikuwa akimfichia siri yeye, mzima wa afya, naye alikuwa amekubali kufichiwa. Alitoka wodini akitazama miguu yake.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda mjini, dukani kwa Mhindi aitwaye Indravadan, ambako mkewe Ramila alikuwa nyuma ya kaunta akipima dengu. Miezi ya nyuma Nyanchera alikuwa amempelekea Ramila mkebe mmoja amuuzie dukani, na Ramila alikuwa ameukataa kwa upole, akimtilia bizari kidogo kwenye karatasi ili asitoke mikono mitupu. Siku ile Nyanchera alinung'unika njia nzima kwamba Wahindi wanajipendelea.

"Mama, kaa kwanza," Ramila alisema alipouona uso wake. Alimsogezea kigoda, akamimina chai ya chupa katika kikombe chake mwenyewe, akasubiri mpaka Nyanchera akakinywa nusu. "Haya, sema."

Nyanchera akasema. 

"Mimi nilikataa kwa sababu mkaguzi alikuja hapa," Ramila akasema. "Aliniambia, kitu kikisema kinaongeza damu, Kenya hii ni dawa, lazima kiandikishwe Nairobi kwanza. Dada yangu yuko Mwanza. Kwao kile kile ni chakula, kiko rafu moja na majani ya chai. Uganda nako wana sheria yao. Mkebe unavuka kizuizi tu, unageuka kitu kingine." Alisukuma mizani kando. "Lakini Mama, kwa dada yangu unauzwa ndani ya kasha. Kasha lina maandishi makubwa mekundu. Watu wa presha na wajawazito wasinywe. Yako haikuwa na kasha?"

"Haikuwa na kasha."

Ramila hakuuliza kasha lilikwenda wapi. Alichukua kikombe, akakiosha polepole, ili Nyanchera apate nafasi ya kufuta macho.

Alirudi hospitali kwa miguu, akamtafuta daktari kijana, akamwambia yote ukumbini, wauguzi wakisikia. Alitegemea kufokewa. Daktari alifunga kalamu yake tu, akasema, "Huo unga una mzizi mtamu, ndio unaopandisha presha. Sisi tunashusha, wenyewe unapandisha. Tutauzuia, na tutaona. Asante kwa kurudi, Mama."

Ile asante ilimchoma kuliko kufokewa.

"Na wengine wanaokunywa?" daktari akauliza. "Utawafikia?"

Nyanchera aliziona akilini nyuso zao zote, kuanzia kituoni mpaka mtoni.

Alipofika nyumbani, Momanyi alikuwa amekuja na mzigo mpya, ameketi nje chini ya upenu. Kemunto alikuwa jikoni akisonga ugali.

"Muulize mume wako," Nyanchera alianza, "makasha ya ile mikebe yako wapi?"

Mwiko ukasimama. "Mama," Kemunto alisema bila kugeuka, "hata siku ile sikumuuliza. Alikuwa anakula na wageni. Nikaona aibu kumhoji mbele yao. Nikaunusa ule unga, unanukia chakula, basi nikakuambia ni chakula."

Nyanchera alitaka kumgombeza, lakini sauti ya kugombeza angeitoa wapi? Alimpapasa binti yake begani, akafuta mikono kwenye leso, akatoka nje, akaenda moja kwa moja mpaka alipokaa mkwe wake.

Momanyi aliruka akasimama, uso ameugeuzia ukutani.

"Momanyi." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. "Makasha uliyapeleka wapi?"

"Niliyachoma Sirari, Mama," akauambia ukuta. "Mikebe ikiwa ndani ya makasha, watu wa forodha upande wetu wanasema ni dawa, wanadai karatasi. Ikifukiwa bila makasha ndani ya unga wa mahindi, inapita."

"Ulisoma kabla ya kuyachoma?"

Momanyi alikwaruza ukuta kwa ukucha mpaka Kemunto akatokea mlangoni.

"Nilisoma. Nilidhani ni maneno ya kujikinga tu, kama yale ya kwenye sigara."

"Esnah amelazwa. Chukua gunia tupu, twende tukaikusanye mikebe."

"Twende wote, Mama? Watu watatuona."

"Watuone."

Wakashika njia, yeye mbele na mkwe nyuma. Watu mashambani walinyooka kutoka kwenye michai, wakatazama, wakainama tena haraka. Momanyi alizidi kubaki nyuma, naye Nyanchera akawa anasimama kumngoja, na kusimama kule kulikuwa kugumu kuliko kutembea.

Kwa Ogari, mke wa Ogari aliwatokea akitabasamu. "Mama Kemunto! Unga wangu umekaribia kuisha, nilikuwa nakuja kwako." Kisha akamwona aliyekuwa nyuma, tabasamu likamkauka.

Nyanchera alilichukua gunia, akalifungua. Ndipo Momanyi, macho chini, aliposema, "Kama una presha au una mimba, usiunywe tena, mama. Kulikuwa na onyo. Mimi ndiye niliyelichoma."

"Na mimi ndiye niliyekuuzia bila kuuliza," Nyanchera akasema.

Mke wa Ogari aliwatazama wote wawili. Hakupiga kelele, hakuita mtu. Aliingia ndani akaleta mkebe wake, akautia kwenye gunia. Kisha akaleta viti viwili, kimoja akakiweka karibu na mlango na kingine mbali kule nyuma ya ghala, kila mmoja apumzike bila kumwona mwenzake.