Ukuta wa Bwana Mitambo

Mkunga alikuwa ameshavaa blauzi yake nyeupe ya usaili, amekaa mbele ya kompyuta, na mtandao hakuna. Saa tatu na nusu. Saa nne kamili jopo la chuo cha uuguzi lingemhoji kwa video kwa nafasi ya ukufunzi aliyoihangaikia miaka sita, na walishasema wazi: asiyeonekana ndani ya dakika kumi, jina lake linafutwa.

Alimpigia mumewe kazini kwa kasimu kake ka vitufe, kasikojua intaneti hata kwa kuota, akaweka sauti ya juu na kukalaza mezani.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mitambo, hakuridhika na kompyuta kama za watu wengine. Nyumbani aliweka Linux, mfumo wa kompyuta wanaoupenda mafundi, akajenga ukuta wa kulinda mtandao dhidi ya wezi ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

"Taa za ruta?"

"Zote nne kijani."

"Basi ni kampuni. Wazembe wakubwa. Zima, subiri, washa."

Alizima, akasubiri, akawasha. Patupu.

"Chomoa waya wa ukutani, uchomeke tena."

Aliingia chini ya meza na blauzi yake, akatoka na utando wa buibui begani. Patupu vilevile.

"Labda umegusa kitu, mke wangu."

"Mimi? Nimegusa pasi na kitana!"

Alikuwa anachemka sasa. Hata hivyo, miaka kumi na miwili ya wodini ilimfundisha kwamba mgonjwa anayelaumu watu wote kwa haraka hivyo kuna kitu amekunywa.

"Niambie jinsi ya kuona mafaili yaliyobadilishwa leo."

"Ya nini? Tunapoteza muda."

"Niambie!"

Akamtajia amri herufi kwa herufi, shingo upande. Orodha ikashuka kwenye skrini nyeusi. Juu kabisa lilikaa faili la ule ukuta: limebadilishwa leo, saa tatu na dakika tano asubuhi. Saa hiyo yeye alikuwa bafuni.

"Umeingia humu kutoka ofisini."

"Niliongeza kamstari kamoja tu."

"Kanasemaje?"

"Zuia vyote. Kalitakiwa kakae chini, baada ya vilivyoruhusiwa. Nikakaweka juu. Kamenifungia nje hata mimi, siwezi kurudi kukatoa."

"Na muda wote huu natambaa chini ya meza, na wewe unajua!"

"Niliona aibu."

Mkunga alitamani kukatupa kasimu dirishani. Badala yake alifuta ule mstari, akahifadhi, akauwasha ukuta upya kama alivyoelekezwa. Saa nne na dakika nane, nyuso tatu zikatokea.

"Tulikuwa tunakufuta," alisema mwenyekiti. "Ila pole. Hizi kampuni za mtandao zinatutesa sote, au siyo?"

Mkunga alifungua mdomo akubali tu, maana mume husitiriwa hata siku ambayo hastahili. Kabla hajatoa neno, kasimu mezani, ambako hakuna aliyekumbuka kukakata, kakasema:

"Si kampuni, mheshimiwa. Ni mimi, mumewe. Niliufunga mtandao nikamwacha ahangaike. Yeye ndiye aliyegundua."

Mwenyekiti alivua miwani, akawatazama wenzake.

"Haya," alisema, "tuanzie hapo. Uligunduaje?"