Ukurasa wa Tatu Kwa Nguvu

"Basi, basi!" Nilipiga kofi juu ya piano. "Ilinca, mwanzo umekwenda vizuri, mkono wa kushoto umetulia. Lakini ukifika ukurasa wa tatu, panapotakiwa ngurumo, unanyata kama mwizi wa kuku. Kwa nini?"

"Nikifanya mazoezi nyumbani, hapo ndipo jirani yetu Mzee Costache hugonga bomba, Mwalimu."

Nikaelewa. Maghorofa yetu hapa mjini Iași yameunganishwa na mabomba ya maji moto ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Ukipiga kelele, jirani wa chini anachukua kijiko, anagonga bomba, na jengo zima linajua ni wewe.

"Kwa hiyo sonata hii kaitunga Costache?" Damu ilinichemka. "Yeye ndiye anayekupangia pa kupiga kwa nguvu? Mwambie azibe masikio! Ukiogopa kijiko, ukumbini utafanya nini? Mpiga piano haombi ruhusa kwa jirani! Umenisikia?"

Ngo! Ngo! Ngo! Bomba la darasani lililokuwa nyuma ya kiti changu likalia.

Ilinca akageuka. "Na huyo nani, Mwalimu?"

"Mkuu wa shule. Ofisi yake iko hapo chini," nikanong'ona. "Haya, ukurasa wa tatu. Kwa nguvu."