Kiti Mlangoni kwa Daktari Majani

Fundi alikuwa mshonaji wa sare za shule, na ugonjwa wa sukari alikuwa nao mwaka wa kumi na mbili. Miaka yote hiyo alijidunga insulini, akala kwa mpangilio, na kila jioni akakagua nyayo zake kwa kioo kidogo kama muuguzi alivyomfundisha, maana miguu ilishaanza kufa ganzi. Kilichomponza ni kuchoka. Siku moja alimlalamikia mume wa dada yake kwamba mapaja yamejaa vinundu vya sindano. Shemeji huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari Majani ingawa udaktari hakuusomea hata siku moja, alimwambia sukari inapona kabisa. Akampa mkebe wa unga wa kijani, kwa sharti kwamba dawa za hospitali aziache.

Akaziacha. Na kioo nacho akakiweka kando, kwa kuwa mtu aliyepona hajikagui. Kiu ilipomrudia na macho yakaingia ukungu, Daktari Majani alisema huo ni uchafu unaotoka mwilini.

Mwezi wa tano tangu aache dawa, mteja aliyekuja kupimwa sketi aliziba pua. Walipoinamisha vichwa chini ya cherehani, walikuta sindano ya kushonea iliyovunjika imezama kwenye unyayo wa Fundi, na nyama inayoizunguka imekuwa nyeusi. Siku ngapi alikuwa akikanyaga pedali kwa mguu ule, hajui. Hakusikia hata mchomo.

Hospitali walimweleza bila kuzunguka. Sukari iliyokaa juu ilikuwa imemmaliza mishipa ya fahamu, ikaziba na ya damu. Kidonda kisingepona tena. Wakamkata chini ya goti.

Daktari Majani alikuja wodini na mkewe, akasimama miguuni pa kitanda, upande uliopungua.

"Dawa inataka imani, shemeji," alisema. "Wewe uliinywa kwa wasiwasi."

Kabla ya hapo Fundi alikuwa akijilaumu mwenyewe. Tangu siku ile hakujilaumu tena.

Alipozoea magongo, alibebewa kiti cha plastiki hadi mlangoni kwa Daktari Majani, akaketi pembeni ya njia, akapandisha gauni na kufungua bandeji. Hakutukana mtu. Kila aliyefika alimuuliza kwa upole kama amekuja kwa ajili ya sukari, kisha akamwonyesha mkebe, akamwonyesha na kigutu. Saa ya dawa ikifika, alijidunga insulini palepale, taratibu, foleni nzima ikitazama. Watu wakamtania kwamba Daktari Majani hatimaye amepata bango. Aliupenda utani huo, akausambaza mwenyewe.

Mwenyekiti wa mtaa aliletwa kumwondoa. Alimkuta amekaa kimya kwenye njia ya umma, akakitazama kigutu, akajikumbusha shughuli kwingine.

Wiki ya tatu akaja dada yake, macho yamevimba kwa kulia.

"Mdogo wangu, unaivunja nyumba yangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Mwambie asimame hapa mlangoni, aseme mbele za watu kwamba alinidanganya. Leo hii naondoka."

"Hawezi kusema hivyo."

"Basi na mimi siwezi kusimama."

Dada aliondoka, na tangu hapo hawajasalimiana. Hilo lilimuuma Fundi kuliko kisu cha hospitali, lakini kesho yake alikuwa kwenye kiti.

Foleni ikapungua hadi ikabaki yeye peke yake. Asubuhi moja alikuta kufuli mlangoni na mikebe mitupu imetupwa mtaroni. Alikaa hadi adhuhuri akiitazama ile kufuli, akisikia utamu kifuani ambao hakuuonea haya.

Mwezi uliofuata, kliniki, muuguzi alisifu vipimo vyake, akamsihi aulinde mguu uliobaki na asikose kupimwa figo na macho. Kwenye benchi, mgonjwa mwenzake akamnong'oneza kuwa upande wa pili wa mji kuna tabibu mgeni, anatibu sukari kwa unga wa kijani.

Fundi alimuuliza ni mtaa gani, akamwomba alirudie jina taratibu. Kisha akampigia dereva wa teksi, akamwambia ampitie kesho mapema, na aache nafasi ya kiti kwenye buti.