Dimbwi Lisilotajwa

Lorna aliwauliza wanaume watano swali moja, na wote watano, mumewe akiwemo, wakamdanganya. Si kwa ubaya, la! Milimani Idaho, Marekani, mtu atakupa koti lake, atakupa hata gari lake, lakini mahali anapowindia elki hakwambii hata umkabe koo.

"Nenda Mlima Tolman, shemeji," alisema Dwight, kaka wa mumewe. "Mwendo wa saa nne tu."

Saa nne! Alikuta mavi makavu ya mwaka juzi. Kesho yake wakamtuma mbali zaidi. Siku ya nane miguu ilikuwa imevimba, na elki, huyo kulungu mkubwa kama farasi, hajamwona hata mkia.

Wenzake karibu wote walikuwa na pinde za kisasa zenye magurudumu, zinazofika hatua sitini. Wake ulikuwa wa mti, ameuchonga mwenyewe majira yote ya baridi, nao ulimtaka mnyama hatua ishirini, basi. Na alikuwa ameiahidi kambi nzima: msimu ukiisha mikono mitupu, upinde huo unatundikwa ukutani, mwakani ananunua wa magurudumu. Msimu ulikuwa unaisha kesho.

"Msumari wa kuutundikia nimeshanunua," Dwight alimtania wakila maharage.

"Utundikie ulimi wako!"

Wakacheka, naye akacheka, ila moyo ulimuuma.

Asubuhi, wanaume walipokwisha kupanda mlimani, aliikunjua ramani akatia alama kila alikotumwa. Kote juu, kote mbali. Hakuna aliyelitaja bonde dogo lililo nyuma ya choo cha kambi. Haya, akili ni nywele: watu wakipanda wote, elki atakwenda wapi kama si kushuka?

Akateremka, upepo ukimpiga usoni. Hatua mia tatu tu, akakuta dimbwi la matope, nyayo mbichi tele, na baba mkwe wake, Mzee Orrin, ameketi juu ya gogo, upinde wa mti magotini. Orrin, aliyeaga kila asubuhi kwamba anakwenda Tolman!

"Nani kakwambia?" mzee akanong'ona kwa hasira.

"Hakuna, baba. Ndiyo maana nimekuja."

"Miaka arobaini nawaficha wanangu wa kuwazaa!" Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akasogea. "Kaa. Ukikohoa nakufukuza."

Walikaa mpaka jua likawa utosini. Elki jike, mnene, akaja kunywa. Hatua thelathini. Ishirini na tano. Mzee akamgusa kiwiko: bado. Kumi na tano. Lorna akavuta mpaka unyoya wa mshale ukamgusa shavu, akaachia. Jike aliruka, akakimbia kidogo, akaanguka.

Lorna alilia kama mtoto, kwa furaha tupu. Mzee alimkumbatia huku amejiziba mdomo asije akapiga kelele. Walipomaliza kuchuna, wakaitazama nyama, wakatazama kambi, pale pale juu. Mwendo wa dakika kumi.

"Wakituona tunatokea huku," mzee akasema, "mwakani watajaa kama nzi."

"Baba, usiniambie..."

"Amua wewe. Umepapata mwenyewe."

Lorna akashusha pumzi, akajitwika paja la kwanza, akaelekea mlimani. Walikwenda na kurudi mara nne, wakipitia nyuma ya kilima, mzee akibeba vipande vidogo na kuyalaani magoti yake, mpaka nyama yote ikaning'inia mitini kando ya njia ya Tolman, juu kidogo ya kambi, kana kwamba imetoka huko. Wanaume waliposhuka jioni, mikono mitupu, wakamkuta Lorna ameketi chini ya nyama hiyo, hoi, damu mpaka viwikoni, anacheka peke yake.

Dwight akavua kofia. "Shemeji! Kwa upinde huo huo? Umempatia wapi?"

"Wewe!" Mzee Orrin akamkemea. "Mwindaji haulizwi mahali pake. Huna adabu?"

Na Dwight, mtu mzima wa miaka hamsini, akamwomba Lorna radhi.