Jani Moja kwa Kapita

Bibiane alipiga magoti kando ya boksi, akalaza sikio ubavuni mwa sungura, akazuia pumzi. Alikuwa akitafuta mngurumo. Daktari wa mifugo wa mtaa wa Kawempe alimweleza kwamba tumbo la sungura mzima halinyamazi. Huunguruma taratibu, kama chungu kinachochemka nyumba ya jirani. Likinyamaza, sungura hana muda. Alisikia moyo tu, ukienda mbio. Labda ulikuwa wake mwenyewe.

"Kula, Kapita," alinong'ona. "Nakuomba, kula."

Mbele ya Kapita palitandazwa sukuma wiki, mchicha, majani ya viazi vitamu na magugu ya kishonanguo yaliyochumwa kando ya reli. Sungura alinusa kila jani, akajikunyata pembeni kama mgeni aliyeandaliwa chakula cha dharau. Maisha yake yote alilishwa punje za dukani, na aliyemlisha ni Gradi, mume wa Bibiane. Sasa daktari alitaka apewe majani ya kila namna, maana punje tupu zilikuwa zikimharibu tumbo. Tangu jana hakutia kitu kinywani.

Gradi alikuwa amevuka mpaka kwenda Bukavu kumchukua mama yake kabla hali haijachafuka zaidi. Alipoaga alicheka: "Nitunzie Kapita. Nikirudi nimkute mzima, nitajua na mimi nilikumbukwa." Utani mtupu. Lakini simu yake ilipozimika, utani ule ulizama moyoni mwa Bibiane kama mwiba: akifa huyu, na yule harudi. Hakumwambia mtu. Wala hakuthubutu tena kuipiga ile namba, asije akaisikia sauti isiyo na damu ikimwambia mteja hapatikani.

Mlango ukasukumwa. Aliingia Kaltumi, mjane wa Kinubi mwenye nyumba waliyopanga, beseni la nguo kiunoni.

"Hujaenda sokoni bado, wewe Mkongo? Dagaa wako wataota mabawa."

"Hataki kula, Mama Kaltumi. Nimejaribu kila jani."

"Unampa kwa kitu gani? Kwa kijiko?"

"Kwa mikono hii."

Kaltumi aliukamata mkono mmoja, akaunusa, akarudisha kichwa nyuma. "Bambi, maskini! Mimi ukinishika shavu natamani ugali. Huyu mla majani atatamani nini? Kukimbia!"

Bibiane aliinusa mikono yake. Hakusikia kitu. Miaka ya kuchambua dagaa sokoni Kisenyi ilikuwa imeifuta harufu hiyo puani mwake. Hata majani aliyabeba ndani ya kikapu kile kile cha dagaa. Muda wote aliokuwa akimbembeleza Kapita ale, yeye ndiye aliyekuwa akimfukuza mezani.

Alijisugua kwa majivu, akajisugua kwa ndimu, hadi viwiko vikawasha. Kisha akaenda kwenye makopo ya Kaltumi ya viungo kizingitini, akachuma jani moja la giligilani, akaliweka chini na kurudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Usipumue," Kaltumi alinong'ona, naye sasa hakuwa akicheka.

Pua ya Kapita ilitetemeka. Akasogea, akasita, akasogea tena. Halafu ikasikika sauti ndogo, kavu, ya meno.

Bibiane aliogopa kufurahi. Alisubiri hadi giligilani ikaisha, akainama, akalaza sikio ubavuni. Kulikuwa kimya. Kisha, mbali sana, kitu kikaunguruma.

"Vipi?" Kaltumi aliuliza.

Bibiane aliichukua simu juu ya kabati, vidole vikinuka ndimu, akaitafuta namba ya Gradi. Hofu haikuwa imeondoka; ilikuwa imejisogeza tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Akabonyeza.

Kimya kikavuta, kikavuta. Nyuma yake Kapita alikuwa amelifikia jani la sukuma safi alilowekewa na Kaltumi, akilichana kuanzia ukingoni.

Huko ng'ambo ya mpaka, simu ikaanza kuita.